Maumivu ya Mzee na Wajibu wa Anayemwuguza

Wazee wetu wa pwani, na wa bara kadhalika, wamelelewa katika adabu inayomfunza mtu kuyameza maumivu yake, na adabu hiyo, ambayo katika mambo mengi ya maisha imekuwa pambo lao, humgeukia mzee ikamdhuru siku ile anapolazwa hospitali akingoja kupasuliwa. Tabibu kijana apitapo kitandani asubuhi na kumwuliza hali, mzee hujibu kwamba hajambo, Alhamdulillahi, kwa kuwa ndivyo mtu mwenye heshima amjibuvyo mgeni aliyekuja kumjulia hali. Tabibu huandika katika faili kwamba mgonjwa hana lalamiko, akaenda kitanda cha pili. Na yule mzee, ambaye usiku kucha hakupata hata lepe la usingizi, hubaki na maumivu yake vile vile mpaka asubuhi nyingine. Jamaa waliosimama kando wameyasikia yote mawili, kilio cha usiku na jibu la asubuhi, na aghalabu hunyamaza, kwa kudhani kwamba si adabu kumkanusha mzazi mbele ya watu.

Kunyamaza huko ndiko ninakotaka kukutazama, na pamoja nako suala zima la kumwuguza mzazi aliyezeeka wakati wa upasuaji. Rai yangu ni kwamba kazi ya kwanza ya mtoto katika siku hizo, iliyo mbele ya uji na mashuka na hata fedha, ni kuwa shahidi wa maumivu ya mzazi wake na msemaji wake mbele ya waganga. Maana maumivu makali ya mzee si mtihani wa kutazamwa, bali ni maradhi yenye tiba yake, na yasipotibiwa huzaa maradhi mengine yanayoua. Na ili maneno yasitawanyike nitashika mfano mmoja, kuvunjika nyonga, kwa kuwa ndio upasuaji unaomjia mzee bila ya taarifa, na ndani yake pande zote za jambo hili huonekana.

Mfupa wa uzeeni, hususan wa mwanamke aliyekoma hedhi miaka mingi, hupungua uzito na nguvu bila ya mwenyewe kuhisi, hata ikawa kuteleza kwenye sakafu yenye maji, au kujikwaa kizingitini usiku wakati wa kwenda msalani, kwatosha kuuvunja pale juu ya paja unapoingia nyongani. Aliyeanguka hushindwa kusimama. Mguu huonekana umefupika na unyayo umegeukia nje. Na kila anapoguswa hupiga ukelele. Dalili hizo zikikutana, hapana haja ya kungoja kupambazuke, wala ya kukanda kwa maji ya moto, wala ya kumwita muunga mifupa, ambaye, pamoja na heshima yote anayostahili kwa ustadi wake katika mikono na miguu ya vijana, hawezi kuushika mfupa uliofunikwa na nyama nyingi za paja, na kila anapojaribu humwongezea mgonjwa adha na kumpotezea siku.

Na siku katika jambo hili zina thamani kubwa. Uingereza, mwongozo wa tiba uliotolewa mwaka 2011 unaagiza kwamba mzee aliyevunjika nyonga apasuliwe siku ile ile anayolazwa au siku ya pili yake. Kwetu kungoja juma zima, na zaidi, si jambo la ajabu, mguu umefungwa na kutundikiwa uzito miguuni pa kitanda. Katika kungoja huko ndimo madhara yanamoingilia: ngozi ya matako na ya visigino hugandamizwa ikachimbika vidonda, damu huganda katika mishipa ya mguu na pande lake likaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu, makohozi yasiyotoka huwa homa ya mapafu, na misuli isiyotumika hunywea. Hata katika nchi tajiri, ambako upasuaji hauchelewi, takriban robo ya wazee waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha. Watu husema kwamba wamekufa kwa uzee. Ukichunguza utaona kwamba katika kila dhara nililolitaja maumivu yana mkono wake, kwa sababu mzee anayeumia havuti pumzi za kutosha, hakohoi kwa nguvu, hataki kugeuzwa, hali chakula, na hathubutu kuukanyaga mguu hata baada ya kutiwa chuma.

Kabla ya kisu huja shauri, na hapo ndipo aila nyingi hukosana. Upasuaji mkubwa wa mifupa umekusanyika katika miji michache: Dar es Salaam kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, Moshi kwenye hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, na Mwanza kwenye hospitali ya Bugando, hivyo aliyeangukia Liwale au Mpanda hana budi kusafirishwa mwendo mrefu na mguu wake ukining'inia. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi na kuahidi matibabu ya bure kwa asiye na uwezo. Zanzibar nayo ilianza mwezi wa Aprili 2016 kuwapa Pencheni Jamii wote waliotimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule ilipoanza. Ni mambo ya kushukuriwa kwa dhati. Walakin chuma cha kuungia nyonga, nauli, chakula cha anayeuguza na dawa zilizokwisha katika duka la hospitali havilipiki kwa ahadi, na mara nyingi siku zinazopotea si za msururu wa chumba cha upasuaji, bali ni za ndugu wanaotafutana kwa simu, huyu akingoja yule atoe kwanza. Aila yenye mzee ndani ya nyumba ingefanya vyema kuliamua jambo hili kabla halijatokea: nani atauza nini, nani atachanga kiasi gani, nani ataacha kazi kwa muda, na nani watakwenda kutoa damu, maana hospitali zetu nyingi huwataka jamaa walete wachangiaji.

Katika mashauri hayo mara nyingi husahauliwa mtu mmoja, naye ni mgonjwa mwenyewe. Wana na wajukuu hukaa ukumbini wakasema, wakapima, wakaafikiana, kisha mzee akaletewa fomu ya ridhaa atie kidole gumba. Najua kwamba wanaofanya hivyo hufanya kwa mapenzi, na kwamba kuficha habari mbaya kunahesabiwa kuwa ni huruma. Lakini mtu aliyeendesha nyumba, akaoza watoto na kuzika wenziwe, hakupoteza akili kwa kuvunjika mfupa, na kumkata shauri juu ya mwili wake bila ya kumshirikisha ni kumvunjia heshima ambayo ndiyo tunayodai kuilinda. Isitoshe, mzee asiyejua linalomngoja huogopa zaidi, na woga huongeza maumivu. Aambiwe kwa lugha yake kwamba atachomwa sindano ya ganzi mgongoni asisikie kitu kuanzia kiunoni kwenda chini, au kwamba atalazwa usingizi. Kwamba akizinduka atakuta mpira wa mkojo na bandeji. Kwamba ataumwa, na kwamba ana haki ya kusema anaumwa. Na yeye, kwa upande wake, aulizwe kwa upole, faraghani na mtu anayemwamini, dawa zote anazotumia, za presha, za sukari, za kuyeyusha damu, na zile za miti shamba anazozificha ili mtoto wake asimwone mshamba, kwa kuwa daktari wa usingizi asiyezijua hufanya kazi yake gizani.

Watu wengi huogopa ile saa mgonjwa anapoingizwa chumba cha upasuaji, wakasimama mlangoni kwa dua, kisha akitoka yu hai wakashukuru na kutawanyika. Woga wao una haki, ila umekosea mahali. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 25 za Afrika, uliowafuata wagonjwa 11,422 waliopasuliwa, nao ulionyesha kwamba mgonjwa wa Afrika, ijapokuwa kwa kawaida ni kijana kuliko wa kwingineko na hana maradhi mengi mengine, yumo hatarini kufa baada ya upasuaji mara mbili ya kadiri ya dunia. Na katika waliokufa, 95 katika kila 100 walikufa baada ya kutoka mezani. Maana yake ni kwamba hatari kubwa haimo mikononi mwa mpasuaji, bali imo wodini, katika saa na siku zinazofuata, pale muuguzi mmoja anapotazama vitanda vingi na mabadiliko ya mgonjwa yakapita bila ya kuonwa. Hapo ndipo jicho la jamaa lina kazi. Pumzi zinazokwenda mbio, mkojo uliokoma kutiririka katika mfuko, bandeji inayolowa, mguu uliovimba upande mmoja, homa ya jioni: haya humpasa anayeuguza ayaone mapema na ayaseme kwa sauti, hata kama itambidi amwamshe mtu wa zamu.

Sasa niyarudie maumivu yenyewe, kwa kuwa ndiyo kiini cha shauri. Mzee hukataa kuyataja kwa sababu nyingi, na adabu niliyoanza nayo ni moja tu. Wengine huona kwamba kulalamika kutawachosha watoto waliokwisha kutoa fedha. Wengine hudhani maumivu ni ada ya kupona. Na wengine huogopa kwamba wakisema watachomwa sindano nyingine. Kwa hiyo swali la hali halifai kitu. Aulizwe mambo yasiyojibika kwa shukrani peke yake: jana usiku ulilala saa ngapi, ulipogeuzwa ulisikiaje, ukikohoa panashika wapi, panachoma au panapwita au panavuta. Kwa mzee aliyekwisha potewa na kumbukumbu, ambaye hata hayo hawezi kuyajibu, utazamwe uso unapokunjwa, mkono unaolinda ubavu, mguno unapobadilishwa mkao, na chakula kinachokataliwa na mtu aliyekuwa akila vizuri. Mtoto aliyeishi naye miaka yote huzisoma alama hizo kuliko mtaalamu yeyote, na ndiyo sababu ninasema ushahidi ni wake. Wala kumwambia muuguzi, mbele ya mzazi, kwamba mama hakulala na ameugua usiku kucha, si kumkanusha mama. Ni kulitoa neno ambalo heshima yake imemzuia kulitoa.

Tiba zipo, na nyingine ni rahisi. Kabla ya upasuaji, sindano ya ganzi karibu na mishipa ya fahamu ya paja humtuliza mgonjwa kwa saa nyingi, hata akaweza kugeuzwa na kupelekwa picha bila ya mayowe. Kinachopungua si dawa, bali ni mtu aliyefunzwa kuidunga. Parasetamoli, ambayo watu huidharau kwa kuwa inauzwa dukani, ina nguvu kubwa ikitolewa kwa saa zake bila ya kuruka, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima na chini ya hapo kwa mzee aliyekonda. Diklofenaki na jamaa zake, ambazo hununuliwa ovyo, ndizo za kuhofiwa uzeeni, maana huumiza mafigo, huvujisha damu tumboni na kupandisha presha. Na yakizidi hayo, hubaki mofini.

Mofini ina jina baya, na jina hilo limewagharimu wagonjwa wetu. Tume ya wataalamu iliyochapisha ripoti yake katika jarida la Lancet mwaka 2017 ilikadiria kwamba katika tani 298.5 za mofini na dawa za namna yake zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Sababu ni nyingi: sheria zilizoandikwa kwa kuwinda walevi, makaratasi yanayomchosha tabibu, maghala yasiyoagiza, na woga wa waganga wenyewe. Lakini hata ule Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1961, uliowekwa kuzuia dawa za kulevya, unakiri katika dibaji yake kwamba matumizi ya dawa hizo katika tiba ni ya lazima kwa kuondoa maumivu. Mzee apewaye mofini kwa kipimo, kwa siku chache, akitazamwa, hageuzwi kuwa mlevi. Madhara yake ya kweli ni mengine: hufunga choo, na kwa hiyo yafaa dawa ya kulainisha ianze siku moja nayo, huleta usingizi, na ikizidi, hususan kwa mwenye mafigo dhaifu, hupunguza pumzi. Mgonjwa asiyeamshika, mwenye pumzi chache, ni wa kuitiwa tabibu papo hapo, na dawa ya kuiondoa nguvu mofini ipo. Kwa hiyo mzee huanzishwa kwa kiasi kidogo, kisha hupandishwa kwa hadhari.

Jirani yetu Uganda ametuonyesha kwamba jambo hili lawezekana bila ya utajiri. Mwaka 1993 tabibu Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekwisha kufanya kazi Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda, na humo mofini ya unga ikachanganywa na maji ikawa dawa ya kunywa, ikatiwa rangi ili nguvu moja isichanganyike na nyingine, kijani kwa iliyo hafifu na waridi kwa iliyo kali. Mwaka 2004 sheria ya huko iliwaruhusu wauguzi na matabibu wasaidizi waliopata mafunzo maalumu waiandike wenyewe, kwa kuwa madaktari hawakutosha kufika vijijini. Kazi hiyo ilianzwa kwa ajili ya wenye saratani na ukimwi. Lakini mwili unaoumia hauulizi jina la maradhi, na nchi iliyoweza kumfikishia dawa hiyo mgonjwa kibandani pake yaweza pia kumfikishia mzee aliye wodini.

Wako wacha Mungu wanaodhani kwamba kuitaka dawa kali ni upungufu wa subira. Nawajibu kwa taadhima kwamba dini iliyomruhusu mgonjwa aswali ameketi, na akishindwa aswali amelala, ikamruhusu kutayamamu palipo na maji na kula mchana wa Ramadhani, haikukusudia aachwe agugumie pale dawa ipo. Subira ni ya jambo lisilo na dawa. Na Mkristo aliyeamriwa kuwaheshimu baba na mama hana haja ya kuambiwa kwamba heshima hiyo haikomi mlangoni mwa hospitali.

Lipo jambo moja linalowatisha jamaa kuliko damu, nalo ni kuweweseka. Usiku wa pili au wa tatu mzee aliyekuwa timamu huanza kuwaita waliokufa zamani, humtukana bintiye, hung'oa mpira wa dripu, huona wadudu ukutani; na watu huanza kunong'ona juu ya majini na husuda. Hali hiyo yajulikana sana kwa wazee waliopasuliwa, na vyanzo vyake aghalabu ni maumivu yasiyotulizwa, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika, kiu, homa, kukosa usingizi, au dawa isiyomfaa, na pethidini ni mojawapo ya dawa zinazoshukiwa sana. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 17 na kutangazwa mwaka 2020 ulikuta kwamba wenye nyonga zilizovunjika waliopasuliwa ndani ya saa chache hawakuepukana na mauti kuliko wenzao waliongoja takriban siku moja, ila wachache zaidi waliweweseka. Dawa iliyo mikononi mwa jamaa ni nyepesi: avishwe miwani yake, apewe maji, aambiwe ni siku gani na yuko wapi, taa iwake mchana na izimwe usiku, na sauti anayoijua iwe karibu. Asifungwe kamba kitandani. Kwa wengi hali hiyo huondoka katika siku chache, ingawa kwa baadhi yao huchukua majuma.

Kuuguza kwenyewe, sharti isemwe, hakugawiwi kwa haki. Ndugu wa mbali hutuma fedha na kutoa amri. Mabinti na wake za watoto ndio wanaolala sakafuni, wakageuza, wakaosha, wakarauka kupika. Mzee wa kiume huona haya kuoshwa na bintiye, na mama huona haya zaidi kuoshwa na mwanawe, na haya hiyo ni ya kulindwa: mtu wa jinsi yake atafutwe, shuka litandwe, mlango ufungwe, na kazi ifanywe kimya. Lakini mwana wa kiume asiyeweza kumwosha mama yake aweza kukesha, aweza kumnyanyua, aweza kumsimamisha anapofundishwa kutembea kwa fremu siku moja baada ya upasuaji, tendo ambalo litamwokoa kuliko zawadi yoyote; na ahakikishe tu kwamba dawa ya maumivu imetangulia nusu saa kabla ya mazoezi, la sivyo mama atakataa, naye atakuwa na haki.

Kuna wazee wasiofaa kupasuliwa, au wasiotaka, kwa kuwa moyo umechoka au maradhi mengine yamekwisha kutangulia. Hilo likiamuliwa kwa kweli pamoja nao, lisiwe ndilo tangazo la kuwaacha. Upasuaji wa nyonga wenyewe, kwa mzee aliye ukingoni, hufanywa mara nyingine kwa ajili ya kumtuliza maumivu tu, na hiyo ni sababu tosha. Na asiyepasuliwa ana haki ya kupewa mofini, godoro jema na mtu wa kumgeuza mpaka siku yake.

Naziomba wizara zetu za afya zihesabu maumivu pamoja na joto na presha katika karatasi ya kila mgonjwa, na ziwape wauguzi waliofunzwa ruhusa na dawa ya kuyatibu. Nawe msomaji uliye na mzazi wodini, kabla hujatoka usiku wa leo mwulize muuguzi wa zamu: dawa ya maumivu ya mzazi wangu imeandikwa saa ngapi, na nani atakayemletea?